Inaganda saa ngapi?

Haya niliyaongea Jumamosi kwenye kikao chetu cha sisi tunaojiungia kompyuta wenyewe, na wengi mkaniomba niyaandike maana spika ilikuwa inakoroma na feni la ukumbi lilikuwa na sauti kuliko mimi. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, nimetoa tu zile "eeh" na sehemu moja nilipopotea njia kabisa.

Asalaam aleykum, habari za mchana wakuu. Shikamooni wazee wangu, naona wawili kule nyuma mmewasindikiza vijana, karibuni sana na msitoke, leo hatuongelei kompyuta tu, tunaongelea hela za watu zinavyoteketea.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2019 niliunga mashine yangu ya kwanza, yaani ya kwangu, sio ya mteja. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, Ryzen 5 1600 ya AMD, ile ya kora 6, vichwa sita vya kufanya kazi, ilitoka 2017 kwahiyo wakati huo bei ilikuwa imeshashuka, bodi mama ya B350, RAM (kumbukumbu ya muda) mbili za GB 8 DDR4, SSD ya kuhifadhia mafaili, kadi ya grafiksi (ya kutoa picha) ya mtumba nimeizungukia Kariakoo siku mbili mpaka soli ya kiatu ikafunguka. Halafu pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme kwa mashine nzima. Pawa saplai sikununua. Niliichomoa kwenye mashine ya zamani ya ofisi fulani iliyokuwa inaenda kwenye chuma chakavu, kibandiko kinasema wati 500, waya zote ninazotaka zipo, nikasema aah pawa ni pawa, umeme hauna kabila. Naona mnacheka, subirini.

Mashine ikawaka mara ya kwanza, nikapiga Windows, nikacheza gemu, nikawapigia simu watu. Siku ya nne nimetoka kwenda swala ya magharibi, narudi nakuta kioo kinawaka vizuri tu, picha ipo, ila mausi haiendi. Kibodi hamna kitu. Na saa ya pale kwenye kona inasoma 18:52 wakati saa ya ukutani ni saa moja na robo. Hakuna kioo cha bluu cha Windows ikianguka, hakuna ujumbe, hakuna kuzima. Imeganda tu kama mtu aliyekatwa kauli. Nikabonyeza kitufe nikaizima nikawasha, ikaamka kama hakuna kilichotokea.

Kesho yake salama. Keshokutwa salama. Siku ya tatu ikaganda tena. Hapo ndio nikaanza kupiga ramli.

Na nataka tuelewane kwenye neno hili ramli, maana wengi humu ndio mafundi wa hivyo na mimi nilikuwa mmoja wenu. Rafiki yangu mmoja fundi mzuri kabisa akaniambia "hiyo ni RAM, mashine ikiganda bila sababu ni RAM". Nikanunua RAM. Siku mbili mashine shwari, nikamtumia jamaa meseji ya shukrani kabisa, siku ya tatu ikaganda. Mwingine akasema piga Windows upya hiyo ina kirusi, nikapiga, siku mbili shwari, ikaganda. Mwingine akasema SSD. Nikabadili SSD, aisee, siku tatu nzima, nikasema alhamdulillah, usiku wa siku hiyo hiyo nimeenda kulala nimeiacha inawaka, asubuhi naikuta saa imesimama saa nane usiku na dakika kadhaa. Mpaka hapo laki tatu na kitu zimeenda, na kadi ya grafiksi nilikuwa nimeshaanza kuitafutia mteja.

Sasa kitu kilichonimaliza ni kwamba kila jaribio mashine ilikuwa inafaulu. MemTest86, ya kupima RAM, usiku kucha, hakuna kosa hata moja. Prime95, ya kuitesa prosesa, masaa, prosesa inachemka feni zinalia kama bajaji kwenye mlima, haigandi. OCCT, nayo ya kutesa mashine, hivyo hivyo. Nikawa naona kama inanidhihaki, mbele yangu ni mzima, nikigeuka tu inakufa.

Na hilo ndio lilikuwa jibu lenyewe, nilikuwa nalisema kwa mdomo wangu kama utani na silisikii.

Jibu lilinijia kwa video ya harusi ya shemeji yangu. Nimeirenda, yaani mashine inaipika video iwe faili la mwisho, usiku mzima, kama masaa tisa, prosesa kora zote ziko kazini, kazi imeisha asubuhi bila tatizo. Nikaona imemaliza, nikaenda kunywa chai, chai na vitumbua haikuzidi dakika ishirini. Narudi, imeganda. Nikakaa kwenye kiti nikaiangalia. Masaa tisa ya kuteswa haijafa, dakika ishirini za kupumzika imekufa. Nikachukua daftari nikaanza kuandika zile mara zote ninazozikumbuka: swala, imeganda. Nimelala, imeganda. Niko kwenye simu na mama nje barazani, imeganda. Nacheza gemu, hata mara moja. Narenda, hata mara moja. Yaani hii mashine haifi ikifanya kazi, inakufa ikipumzika!

Na angalieni ujinga wangu ulipokuwa. Kila nilipobadili kifaa nilikuwa nakaa nayo, naichezea, naitesa kwa majaribio ili nihakikishe imepona, kwahiyo haipumziki, kwahiyo haigandi, kwahiyo nasema imepona. Nikishaamini naiacha peke yake, inaganda. Nilikuwa natibu kwa kuiangalia. RAM, Windows, SSD, vyote "vilifanya kazi" kwa siku mbili tatu kwa sababu hiyo tu. Vifaa vyetu vya kupima karibu vyote ni vya kuchosha mashine, sijui ni wangapi humu mmewahi kuipima mashine kwa kuiacha ikae bila kufanya chochote. Naona mkono mmoja. Na huyo namjua, ni mvivu tu.

Haya, kwa nini mashine ife ikiwa imelala? Prosesa za siku hizi kora isipokuwa na kazi haikai inasubiri, inazimwa kwa ndani, kuna ngazi za usingizi, ngazi za juu juu na ngazi za ndani kama ile inayoitwa C6 ambapo kora inakatiwa umeme karibu wote. Kwenye sekunde moja inaweza kulala na kuamka mara nyingi sana. Kwahiyo umeme ambao prosesa inauvuta kwenye laini ya volti 12 unashuka ghafla mpaka unakuwa kama hakuna mtu nyumbani, halafu unapanda ghafla.

Sasa pawa saplai nyingi za zamani na za bei chee zinasimamia volti 12 na volti 5 kwa pamoja, sio kila moja na msimamizi wake. Ni kama mizani ya dukani, ukitoa mzigo huku, kule kunashuka. Prosesa ikilala upande wa 12 unakosa mzigo, volti zake zinapanda, za 5 zinashuka, na bodi haielewi. Hili halikuanza na Ryzen. Intel walipotoa Haswell 2013 ilikuwa na usingizi mzito wa namna hiyo, wakataka pawa saplai iweze kukaa sawa hata mzigo wa laini ya prosesa ukishuka mpaka ampea 0.05, wakati kiwango cha nyuma kilikuwa kinategemea angalau 0.5. Mara kumi! Ndio maana zile pawa za baada ya hapo nyingine ziliuzwa zimeandikwa zinaiweza Haswell. Yangu ilikuwa mzee kuliko Haswell. Wati 500 zilikuwepo ndio, kama zilikuwepo, tatizo ilikuwa haijui kutoa kidogo.

Ryzen za kwanza zilijulikana kwa ugonjwa huu, hasa watu wa Linux, wanaotumia mfumo huo badala ya Windows, walilalamika sana tangu 2017, mashine inaganda ikiwa haina kazi. Na mwaka huo huo kulikuwa na ugonjwa mwingine kwenye prosesa hizo hizo, programu zinakatika mtu akikompaili kodi, yaani akiigeuza iwe programu, kwa kora zote, AMD wakawa wanawabadilishia watu prosesa. Mnaona? Chipu moja, mwaka mmoja, mmoja unaumwa kazini mwingine unaumwa mapumzikoni, na tiba zao hazifanani hata kidogo. Usipouliza "lini" utampa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo.

Tiba yangu mimi ilikuwa bure. Kwenye baiosi, zile setingi za bodi kabla Windows haijawaka, za bodi za AM4 zinazopokea Ryzen hizi, ndani kule kwenye menyu za AMD CBS, kuna kipengele kinaitwa Power Supply Idle Control, kiko Auto, unakiweka Typical Current Idle. Maana yake unaiambia prosesa usilale usingizi wa kufa, lala jicho moja wazi. Bodi nyingine ukiapdeti baiosi ndio kinatokea, yangu ilikuwa hivyo. Umeme inakula kidogo zaidi ikiwa haina kazi, luku haitakufilisi.

Nikaweka, nikaiacha. Siku kumi na mbili. Siigusi makusudi, naipita kama simjui. Haikuganda. Halafu nikafanya kitu ambacho mke wangu hakukielewa, nikarudisha Auto. Siku ya pili ikaganda, na nikafurahi, nikapiga makofi kabisa, yeye ananiangalia tu. Maana sasa ugonjwa naumiliki, nauleta na kuuondoa ninavyotaka. Baadaye nikanunua pawa saplai mpya ya maana, nikaiacha Auto, zaidi ya wiki mbili ikatulia. Sisemi kila Ryzen inayoganda ni hii, na kuna watu walikuwa na pawa nzuri na bado wakahitaji kile kipengele. Nasema ya kwangu.

Hapo kwenye kusubiri niweke neno moja la hesabu. Mashine ikiwa inaganda kwa wastani kila siku tatu, halafu umebadili kitu imekaa siku mbili bila kuganda, hujui chochote, hiyo ni bahati ya kawaida kabisa. Subiri mara tatu ya ule wastani, yaani siku tisa, hapo uwezekano kwamba ni bahati tu unabaki kama 5 kwa 100. Najua mteja hasubiri siku tisa. Mwambie ukweli basi, usimwambie "imepona", mwambie "nimebadili hiki, tuangalie".

Sasa, kuganda kwenyewe sio kumoja, na hapa ndio naomba mnisikilize maana mteja anakwambia tu "inastaki" basi.

Mashine ikiganda kabla hujaizima, bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikiwaka na kuzima, humo ndani kuna mtu bado anaishi, kilichokufa huenda ni picha tu. Bonyeza Ctrl, Shift, kile kitufe cha Windows na B kwa pamoja, kama ni draiva ya grafiksi, ile programu inayoendesha kadi, inajianzisha upya, kioo kinakatika kidogo kinarudi. Kama mashine iko kwenye waifai yako na ilikuwa inajibu ping, ule mwito wa mtandao wa kuuliza upo, kabla, ipige ping kwa simu, ikijibu basi achana na RAM kwanza angalia kadi ya grafiksi na waya wa kioo. Kama taa ya Caps Lock nayo haibadiliki na muziki umekwama unarudia silabi moja dzzzzz, hiyo imeganda ya ukweli, sasa ndio unaweza kuwaza RAM, prosesa, pawa, bodi.

Halafu kuna ile mausi inatembea vizuri lakini ukibofya kitu hakifunguki, unangoja weee, baada ya nusu dakika au zaidi vyote vinafunguka kwa mkupuo. Hiyo ni diski. Ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tafuta namba 129 ya storahci au stornvme, hizo ni draiva za diski, inasema diski imeresetiwa, au 153 kwamba imejaribu tena kusoma au kuandika. Kabla hujamuuzia mtu SSD mpya, kama ni ya waya mbadilishie waya wa SATA unaounganisha diski na bodi, waya wa elfu chache. Nimeona mtu kanunua SSD mbili na waya ni ule ule uliokunjwa nyuma ya kesi kama chapati.

Na wale mnaoingia Event Viewer mkakuta Kernel-Power 41 mkaniletea "mkuu nimepata tatizo, ni Kernel Power, ni pawa saplai", hapana jamani. Hiyo 41 inasema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa vizuri. Umeizima mwenyewe kwa kitufe! Ni kama mlinzi anayekwambia asubuhi "bosi, jana usiku kulitokea kitu", kitu gani hajui. Cha maana ni kuangalia kilichoandikwa kabla yake, kama kuna WHEA-Logger hapo kuna vifaa vinalalamika kweli, na ile 6008 inakupa saa mashine ilipokata, ambayo ukikosa saa iliyosimama kwenye kioo inakusaidia kwenye daftari.

RAM nisiionee, inaua mashine nyingi. Ila mara nyingi RAM yenyewe ni nzima, mtu kawasha XMP tu, ile setingi ya baiosi ya kuipandisha RAM spidi. RAM imeandikwa 3200, hiyo ni spidi ya kuipandisha na volti 1.35 wakati DDR4 ya kawaida ni 1.2, na prosesa haijaahidi kwamba itaweza. Zima XMP, kaa nayo. Ikitulia umepata jibu bila shilingi. Na ukiwa na stiki mbili kwenye bodi ya nafasi nne kaa kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, soma kitabu cha bodi, kipo ndani ya boksi mnakitupa.

Joto napita haraka. Joto kwa kawaida linaifanya mashine iwe nzito halafu izime, kuganda ganda kwa saa za ajabu sio tabia yake sana, japo vumbi la kwetu safisheni. Na zile Ryzen 1700X na 1800X zilikuwa zinasoma digrii 20 zaidi ya ukweli kwa makusudi ya kiwanda, msije mkamwaga grisi ya prosesa nzima kwa hofu. Angalieni pia zile nguzo ndogo za shaba chini ya bodi, ikibaki moja mahali pasipo na tundu inagusa bodi kwa nyuma na hapo utapata vituko vya kila aina. Nilishawahi. Hiyo hadithi siku nyingine.

Kuna aliyeuliza pale mlangoni kuhusu Intel kizazi cha 13 na 14. Hiyo nayo ni "lini". Watu walikuwa wanafungua gemu, wakati inaandaa picha zake inakatika na kusema kumbukumbu ya kadi ya grafiksi imejaa, wakawa wanabadili kadi. Kumbe ni prosesa, zilikuwa zinapewa volti za juu kupita kiasi. Mwaka 2024 Intel wakatoa maikrokodi, maagizo ya ndani ya prosesa, 0x129 mwezi wa nane na 0x12B baada yake, na waranti wakaiongeza miaka miwili. Ukiapdeti baiosi inazuia, lakini prosesa iliyokwisha kuumia haiponi, hiyo irudishwe. Ujumbe ulikuwa unataja kadi, ugonjwa uko kwenye prosesa, kwahiyo hata mashine ikiongea usiiamini moja kwa moja.

Umeme wa nyumbani tutaongea kwenye maswali maana naona mikono. UPS, zile betri za umeme ukikatika, za bei rahisi na pawa saplai za kisasa wakati mwingine hazielewani umeme ukikatika, hiyo ni kweli, ila hapo mashine inazima, haigandi.

Haya, yule kijana aliyekuja na kesi yake kwenye bodaboda, umeifunga na kanga naona, kanga ya mama hiyo, ilete hapa mbele. Weka polepole. Usiniambie umeshabadili nini. Kwanza niambie, inaganda saa ngapi, na wewe unakuwa unafanya nini? ... Anasema hajui, akiwa shuleni, mdogo wake ndio anayeikuta. Basi mpigie mdogo wako sasa hivi, weka spika.